Usijipime kwa Mizani ya Umri Uliouacha

Vijana huniuliza: nitalijuaje kusudi la maisha yangu? Wenzangu tuliostaafu huuliza lile lile, ila kwa aibu kidogo: sasa niamke asubuhi nikafanye nini? Jibu langu kwa wote ni kwamba kusudi halipatikani mara moja likakaa. Kila umri una kazi yake, na sehemu kubwa ya kutoridhika hutokana na mtu kuingia umri mpya huku akiendelea kujipima kwa mizani ya ule aliouacha.

Mwanasaikolojia Erik Erikson alilipanga jambo hili vizuri mwaka 1950, alipotaja hatua 8 za maisha, kila moja na mvutano wake. Kijana wa balehe anahangaika kujua yeye ni nani. Anayeingia utu uzima anatafuta wa kupendana naye bila kujipoteza. Mtu wa makamo anajiuliza kama kuna chochote anachokikuza zaidi ya nafsi yake, na mzee anatazama nyuma aone kama anaweza kuyakubali maisha yake jinsi yalivyokwenda. Naupenda mpangilio huo, ingawa kuna kitu kinanichekesha: alipouelezea uzee, Erikson mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 50! Mkewe Joan, aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo, ndiye aliyekuja kuongeza hatua ya 9, inayohusu miaka ambayo mwili unaanza kumkatalia mtu hata mambo madogo. Maandishi yake yalitoka mwaka 1997, akiwa na miaka zaidi ya 90. Ilibidi afike huko kwanza. Kwa hiyo nami nitasema kuhusu umri niliopitia tu. Ya miaka 80 waulizeni wenyewe.

Kwa kijana sina mengi. Acha kulisaka kusudi kichwani, shika kazi. Mimi niliingia uhasibu kwa sababu nafasi ilikuwepo, wala sikuwa na wito wowote. Mapenzi yalikuja baadaye, nilipokwisha kuwa mzuri katika kazi hiyo na kuanza kuona jinsi hesabu iliyonyooka inavyomwezesha mtu kulala usingizi. Nimeona hivyo kwa wengi: ujuzi hutangulia, mapenzi yakafuata. Anayesubiri kwanza apende ndipo ajifunze, husubiri sana.

Makamo ndipo penye kazi. Wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliona kwamba katika nchi nyingi kuridhika na maisha hushuka taratibu tangu ujanani, hufika chini kabisa kwenye miaka ya 40, kisha hupanda tena. Wapo wataalamu wanaoupinga mchoro huo, na bila shaka si kila mtu hupita njia hiyo. Mimi niliipita. Watoto wanakuhitaji, wazazi nao wanaanza kukuhitaji, kazini umepewa cheo chenye vikao vingi kuliko kazi, na bado kuna yule kijana ndani yako anayekudai ndoto zake zote. Huyo kijana ndiye wa kuzungumza naye kwanza. Baadhi ya ndoto zake mwambie wazi kwamba hazitatimia, ili zile zilizobaki zipate nafasi.

Kilichonisaidia ni karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja niliandika mambo ambayo nisipoyafanya mimi hakuna wa kuyafanya. Upande wa pili, yale ambayo yeyote anaweza kuyafanya. Upande wa pili ulijaa kamati na vyeo vya heshima. Upande wa kwanza ulikuwa na majina ya watu tu. Nikaanza kujitoa kwenye kamati, na waliosikitika walisahau upesi kuliko nilivyotarajia (inauma kidogo, lakini pia inapumzisha). Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938 kwa kufuatilia maisha ya wanaume tangu ujana wao hadi uzeeni, ulikuta kwamba waliokuwa wameridhika zaidi na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi walipofika 80. Majina yaliyo upande wa kwanza, basi, si ya kuachiwa muda unaobaki baada ya kazi.

Kisha kunakuja kustaafu. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Simu iliyokuwa hailali inanyamaza, na unagundua kwamba wengi walikuwa wanakipigia kiti ulichokalia. Mimi niliendelea kunyoosha shati kila Jumapili jioni kwa miezi kadhaa. Lililonitoa hapo lilikuwa dogo: mtoto wa jirani aliniletea hesabu za sehemu. Alikuwa amefuta jibu moja mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Nikaanza kumweleza kwa kasi yangu ya ofisini, naye akaweka penseli chini, "Babu, wewe unajibu, hunifundishi." Alikuwa sahihi. Tukaanza upya, safari hii penseli akiishika yeye. Wenzake wakaanza kumfuata, na sasa siku zangu zina ratiba tena, ingawa hakuna anayeniita mheshimiwa.

Kwa anayekaribia kustaafu, tafuta watu wa kuwafaa kabla ya siku ya kuagwa, ukiwa bado na nguvu na mshahara. Usitafute cheo kingine cha kuziba pengo. Tafuta mahali ambapo usipofika mtu ataulizia.

Ila yote haya yanamfaa mtu ambaye moyo wake bado una nguvu ya kujaribu. Kama umepitisha wiki mbili au zaidi hufurahii chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, na unahisi huna thamani, huenda hiyo ni sonona, na sonona hupata watu wa kila umri. Hapo karatasi ya safu mbili haitakusaidia. Nenda kamwone daktari, na ukihisi huwezi kwenda peke yako, mwombe mmoja kati ya wale wa upande wa kwanza akusindikize.