Maswali Yenu: Ndugu wa Kinyonga na Simba Wanyika

Wilson na George Kinyonga walikuwa Wakenya au Watanzania?

Watanzania, watoto wa Tanga. Walianza na bendi ya Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, ndipo bendi yao ya rumba, Simba Wanyika, ikazaliwa. Jina walilivunia Kenya, kwa hiyo siwalaumu Wakenya wanaowaita wa kwao.

Mimi na shemeji yangu tunabishana: wimbo "Sina Makosa" si wa Simba Wanyika?

Si wao, ni wa Les Wanyika. Ila shemeji yako hajapotea mbali. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpigaji gitaa la rithimu, aliondoka Simba Wanyika pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, wakaanzisha Les Wanyika. Katika rumba yetu, hao ndio wanaobeba wimbo. Mwimbaji akinyamaza, rithimu na besi bado zinakuchezesha. Zikinyamaza zenyewe, hakuna dansi. Sikiliza gitaa la Shabani katika "Sina Makosa", linavyozunguka palepale bila kuchosha, utajua akina Kinyonga walipoteza nini. Bendi nyingi zingevunjika hapo. Wao walisaka vijana wengine wakaendelea, na jambo hilo nalihesabu kubwa kuliko wimbo wowote waliotoa. Baadaye mwimbaji Issa Juma naye akawa na Super Wanyika, ndiyo maana majina yanawachanganya watu hadi leo.

Ni kweli hata ndugu wenyewe walitengana?

George alitoka mwaka 1980 akaunda Orchestra Jobiso. Lakini hakuacha kurekodi na Simba Wanyika, kwa hiyo mimi siuiti utengano.

Sijawahi kuwasikiliza. Nianzie wapi?

Anza na "Pepea", albamu ya mwaka 1992. Mitambo ya kurekodia ilikuwa bora, kila gitaa unalisikia peke yake. Kisha rudi nyuma kwenye santuri za miaka ya sabini. Tafadhali usiruke sehemu ya mwisho ya wimbo, pale magitaa yanapoachiwa uwanja.

Bendi iliishaje?

George alifariki Desemba 1992, mwaka uleule wa "Pepea". Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.