Maswali na Majibu ya Kompyuta: Mfumo wa Majaribio kwenye Mashine ya Zamani

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina duka dogo la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, ambako nachapa barua na CV, natoa kopi na kuwasaidia watu kujaza maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Ninazo kompyuta mbili. Ya kaunta ni ya mezani, ina Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya kuzunguka, nayo inatumia Windows 10. Ya pili ni laptopu ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2, ambayo kwa sasa imelala kabatini. Mpwa wangu anayesoma chuo ananishauri niweke kwenye zote mbili toleo la majaribio la Ubuntu (mfumo wa bure wa familia ya Linux unaotumika badala ya Windows) ambalo bado halijatoka rasmi, kwa hoja kwamba mfumo mpya zaidi ndio mwepesi zaidi. Je, nimsikilize?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Marahaba. Kwa laptopu ya kabatini, msikilize. Kwa kompyuta ya kaunta, usimsikilize hata kidogo, kwa sababu toleo la majaribio hutolewa ili kasoro zake zigunduliwe na watu, na siku kasoro hiyo itakapojitokeza kwako itakuwa ni siku ambayo mteja amesimama mbele yako na dirisha la maombi ya chuo linafungwa jioni ile ile.

Hoja ya kwamba mfumo mpya ndio mwepesi haina msingi. Ubuntu 24.04, iliyotoka tarehe 25 Aprili 2024, inapendekezewa prosesa ya viini viwili yenye kasi ya GHz 2, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 25 kwenye diski. Laptopu yako ina nusu ya RAM hiyo, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba toleo linalofuata litapunguza mahitaji. Mwambie mpwa wako apakue Xubuntu au Lubuntu, ambazo nazo huwa na matoleo yao ya majaribio katika kipindi kile kile; msingi wake ni ule ule wa Ubuntu, ila mandhari ya mezani yake, yaani madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini, ni mepesi zaidi. Hata hivyo ujue kwamba kwa GB 2 utaandika barua bila shida, lakini ukifungua kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, mashine itaanza kusuasua. Bahati yako ni kwamba Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64. Wenye mashine za biti 32 wanazidi kufungiwa milango: Ubuntu iliacha kutengeneza faili la kusakinishia la mezani kwa ajili yao kuanzia toleo la 17.10 la mwaka 2017, na Debian 13, mfumo mwingine wa Linux uliotoka Agosti 2025, nayo haina tena kisakinishi cha biti 32.

Sasa njia ya kujaribu. Msianze kwa kufuta chochote. Faili likishapakuliwa, mpwa wako alilinganishe na namba ya uhakiki ya SHA256 inayotolewa pamoja nalo, kwa kuwa upakuaji uliokatika katikati kwa bando kwisha huzaa faili bovu, na kasoro zake hufanana sana na kasoro za mfumo wenyewe. Kisha aliandike kwenye flashi kwa programu ya kazi hiyo, na laptopu iwashwe kutoka kwenye flashi kwa kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Mfumo utafanya kazi ukiwa kwenye RAM na flashi, diski haitaguswa, na ukizima kila kitu kitapotea. Usipime kasi katika hali hiyo, kwa sababu unachokipima ni wepesi wa flashi. Pima mambo mengine: Wi-Fi inaonekana? (Laptopu nyingi za umri huo zina kadi za Broadcom, na baadhi yake hazifanyi kazi mpaka uongeze draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya mtengenezaji, jambo ambalo linahitaji waya wa mtandao au simu iliyounganishwa kwa kebo.) Sauti ipo? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Ukifunga kifuniko na kukifungua, mashine inaamka?

Kwako wewe mwenye steshenari, jaribio kubwa kuliko yote ni printa. Ichukue laptopu ikiwa imewashwa kwa flashi, iweke kaunta, uichomeke printa yako. Printa ndogo kama HP LaserJet P1102 huhitaji kiongezo maalumu cha HP mbali na draiva inayokuja na mfumo, na katika kipindi cha majaribio hutokea kwamba kiongezo hicho bado hakijaandaliwa kwa toleo jipya, hivyo printa inaonekana kwenye orodha lakini karatasi haitoki. Printa ikikubali, fungua CV halisi ya mteja iliyoandikwa kwa Word uichape kwa LibreOffice, programu ya bure inayotumika badala ya Word. Tazama ukurasa wa kwanza unakatika wapi, kwa maana fonti zikibadilishwa mistari huhama, na CV ya ukurasa mmoja inaweza kumwaga majina ya wadhamini kwenye ukurasa wa pili. Mteja hatajali ni mfumo gani uliofanya hivyo.

Hapa ndipo watu wengi wanapolaumu mfumo bila haki. Laptopu iliyokaa kabatini katika mji wa pwani, penye unyevu na hewa ya chumvi, ina matatizo yake yenyewe yanayosubiri kuwashwa. Anza na betri ndogo ya kwenye ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032. Ikiwa imekufa, kila ukichomoa umeme saa hurudi nyuma miaka mingi, na mpaka mtandao uirekebishe, tovuti salama hukataa kufunguka na masasisho hugoma kwa maelezo kwamba bado hayajaanza kuwa halali. Mtu akiona ujumbe huo kwenye toleo la majaribio husema papo hapo kwamba Ubuntu ni mbovu, ilhali dawa yake ni betri ya bei ndogo. Baada ya hapo fundi atoe vijiti vya RAM, asugue meno yake ya shaba kwa kifutio safi, avirudishe, na aendeshe Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwa saa kadhaa. RAM yenye hitilafu huleta kuganda kusiko na mpangilio, leo kwenye kuchapa, kesho kwenye muziki, na hakuna mwandishi wa programu hata mmoja atakayeweza kukusaidia kwa ripoti ya namna hiyo.

Kuna jambo la usalama ambalo vijana wa vyuo hulipita haraka. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri uliopachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Kilichomshtua ni kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo yaliyoathirika ya xz, yaani 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio, yakiwemo ya Debian na Fedora, wakati matoleo imara yanayotumiwa na watu wengi yalikuwa bado hayajafikiwa. Ubuntu 24.04 yenyewe ililazimika kuahirisha toleo lake la majaribio kwa wiki moja, kutoka tarehe 4 hadi 11 Aprili, ili vifurushi vya programu vijengwe upya. Kwa hiyo anayejaribu ndiye anayekutana na hatari mwanzo, ingawa pia ni kwa sababu ya watu kama hao kwamba hatari hiyo haikuwafikia wengine. Usiingie benki kwa mashine hiyo, na usiweke vyeti vya wateja humo.

Wala usidhani kwamba muhuri wa toleo rasmi unamaliza kila kitu. Ubuntu 17.10 ilitoka rasmi Oktoba 2017, na mwezi Desemba ikabidi iondolewe kwenye ukurasa wa kupakua, kwa sababu draiva moja iliharibu BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo, hata zikashindwa kuhifadhi mipangilio.

Ukisakinisha toleo la majaribio la Ubuntu na kuendelea kupokea masasisho, siku ya kutoka rasmi utajikuta tayari uko kwenye toleo rasmi bila kusakinisha upya. Angalia tu ni toleo lipi. Yale ya Aprili ya miaka shufwa, kama 24.04, Ubuntu yenyewe huyahudumia kwa miaka 5, na ndugu zake wepesi niliowataja kwa miaka 3. Yanayotoka katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu, kisha utalazimika kuhama.

Kuhusu kompyuta ya kaunta, tumia fedha kabla ya kutumia ujasiri. Toa diski ya kuzunguka, weka SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ongeza RAM ya DDR3 ifike GB 8. Tofauti utakayoiona itazidi ile ya mfumo wowote mpya utakaowekewa juu ya diski ile ile.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Bagamoyo. Laptopu yangu ni ya mwaka 2013, ina Windows 10, na ndani yake natunza alama za wanafunzi. Windows 11 inaikataa. Rafiki yangu amesema nijiunge na mpango wa Microsoft wa kujaribu matoleo kabla hayajatoka, kwamba huko hawaangalii umri wa mashine. Ni kweli?
*Mwalimu, Bagamoyo*

JIBU: Mwalimu, rafiki yako anazungumzia jambo lililopita. Mwaka 2021, kabla Windows 11 haijatoka rasmi tarehe 5 Oktoba, baadhi ya waliokuwa kwenye mpango huo waliachwa waijaribu kwenye kompyuta zisizotimiza masharti. Mfumo ulipokaribia kutoka, wakaelekezwa kurudi Windows 10 kwa kusakinisha upya. Masharti yenyewe yanajulikana: RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama), uwezo wa Secure Boot (kukubali kuwasha mfumo uliothibitishwa tu), na kwa upande wa Intel prosesa ya kuanzia kizazi cha nane isipokuwa chache, wakati laptopu ya 2013 huwa na kizazi cha tatu au cha nne.

Zipo njia za kuukwepa ukaguzi huo, na mafundi wanazijua. Sikushauri uzitumie kwenye mashine yenye alama za wanafunzi, na kwa toleo la majaribio sikushauri mara mbili zaidi, kwa sababu matoleo hayo ya Windows huwa na tarehe ya mwisho. Waliojaribu Windows 7 mwaka 2009 wanakumbuka: toleo la mwanzo la majaribio liliwekewa ukomo wa tarehe 1 Agosti, na mwezi mmoja kabla ya hapo kompyuta zikaanza kujizima kila baada ya saa mbili. Leo hali si tofauti sana. Ukiingia kwenye mkondo wa Dev au Canary, ile mikondo ya mpango huo inayopokea matoleo ya mapema zaidi, kwa kawaida hutoki humo mpaka ufute na kusakinisha upya.

Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imeweka utaratibu wa kujisajili kwa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Jisajili huko, hifadhi nakala ya alama kwenye diski ya nje isiyokaa pamoja na laptopu, na muda huo utumie kuonja Linux kwa flashi kama nilivyomweleza msomaji wa Ngamiani, ukianza na toleo imara.

SWALI: Nimeshaweka toleo la majaribio la Ubuntu kwenye laptopu ya zamani na sina cha kupoteza. Nikifunga kifuniko na kufungua, skrini hubaki nyeusi ingawa feni inazunguka. Nimweleze nani?
*Kijana, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Waeleze wanaoitengeneza, kupitia Launchpad, tovuti inayopokea ripoti za kasoro za Ubuntu, ambako utafungua akaunti bila malipo. Usiandike kwamba mfumo ni mbovu, maana sentensi hiyo haimsaidii mtu. Andika jina kamili na namba ya modeli ya laptopu, aina ya kadi ya picha, ulichofanya hatua kwa hatua na ulichokiona. Kisha, mashine ikishawashwa upya, fungua dirisha la amri na utumie ubuntu-bug ukifuatiwa na jina la kifurushi cha programu kinachohusika, nayo itakusanya taarifa nyingine yenyewe. Kiingereza chepesi kinatosha.

Kabla ya kutuma, washa laptopu hiyo hiyo kwa flashi yenye toleo rasmi lililotangulia na ufunge kifuniko. Ikiamka vizuri, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza wa ripoti, kwa kuwa kilichoharibika kati ya matoleo mawili hutafutwa kwa haraka kuliko kile ambacho hakijawahi kufanya kazi. Ikibaki nyeusi huko pia, jaribu kwanza sasisho la BIOS kama mtengenezaji wa laptopu bado analitoa, na ulifanye umeme ukiwa wa uhakika na betri ikiwa imejaa.