Kiambishi -holic kimetoka wapi?

Dada, umeuliza kama -holic ya neno la Kiingereza "workaholic" (mtu asiyeweza kuacha kazi) maana yake ni ulevi. Siku hizi humtaja mtu asiyeweza kujizuia na jambo fulani. Ila kilikatwa kutoka "alcoholic" (mlevi), tena mahali ambapo neno halina mshono, yaani sehemu zake haziungani hapo. Mshono halisi uko baada ya al-, kwani asili ni Kiarabu al-kuhl, yaani wanja, ule unga mweusi laini wa kupaka machoni. Ulaya jina likahamia kwenye unga wowote laini, kisha kwenye kiini cha divai iliyokenekwa, yaani kileo. "Workaholic" lilienezwa na Wayne Oates, mchungaji wa Marekani, katika kitabu chake cha 1971. Ukitafsiri, andika "mraibu wa kazi". Lakini kwa "chocoholic", yaani mtu wa chokoleti, "hajiwezi kwa chokoleti" inatosha.