Aliyezoea dawa ni mwili au ni kimelea?

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Mume wangu alipasuliwa, na kidonda kikatunga usaha akiwa bado wodini. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Majirani wasema "mwili ushazoea dawa". Redioni nasikia "usugu wa dawa". Ipi sahihi?

JIBU: Pole sana, dada, Mungu ampe mumeo afueni. Kauli zote mbili zina kasoro, ila ya majirani ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwili haukuzoea kitu. Kinachoishinda dawa ni kimelea, yaani bakteria au kuvu. Hata mtu asiyewahi kumeza antibiotiki maishani anaweza kuambukizwa bakteria sugu wodini, kupitia mikono isiyooshwa, mpira wa mkojo au sindano ya dripu. Akishaamini kwamba tatizo ni mwili uliozoea dawa, atajiona yuko salama.

"Usugu wa dawa" ni kifupi na kimeenea, lakini kiunganishi "wa" chaifanya dawa ndiyo iwe sugu. Mimi huandika "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Ni refu, nakubali, lakini lamtaja mhusika.

Neno "sugu" nalo lina picha yake: ngozi ngumu ya kiganja cha hamali wa Bandari ya Kale. Picha hiyo isikupoteze. Kiganja hukomaa kwa kusuguliwa. Bakteria hawakomai hivyo. Dawa huua walio dhaifu, wakasalia wachache wenye jeni ya kuwakinga, nao wakazaana. Wapo wanaotoa kimeng'enya, yaani kemikali ya mwilini mwao, cha kuivunja penisilini, na wapo wanaoisukuma dawa nje ya seli. Jeni hizo hupeana wao kwa wao, hata wakiwa wa aina tofauti. Methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, ilianza kutumika mwaka 1959. Kufikia 1961 Uingereza ilikwisharipoti bakteria aitwaye Staphylococcus aureus akiwa sugu kwayo.

Kuvu msiwasahau, wala msiwaite bakteria, maana antibiotiki haiwaui. Kuvu iitwayo Candida auris ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, ikitoka sikioni mwa mgonjwa. Ndiyo maana ya "auris" kwa Kilatini. Leo hofu kubwa ni inapoingia kwenye damu, na hung'ang'ania vitanda na vyombo vya wodi.

Kwa hiyo, dada, usimuulize daktari kama mwili wa mumeo umezoea dawa. Muulize kama usaha umeoteshwa maabara, ni kimelea gani kilichoota, na ni dawa zipi zilizoonekana kukiua.