Shangazi, mume wangu anasema tamthilia zimeniharibu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro, nina mume na mtoto mmoja wa kike. Mume wangu ni dereva wa malori, njia yake ni Dar hadi Tunduma, kwa hiyo kwa mwezi analala nyumbani siku kumi, zikizidi sana kumi na mbili. Akiwa safarini burudani yangu ni tamthilia, hasa ile ya Sultan ambayo kijana wa kibandani kaniwekea yote kwenye flashi, na usiku nasoma simulizi za mapenzi kwenye simu.*

*Shida inaanza akirudi. Rimoti inakuwa yake: mpira, na mpira ukiisha ni filamu za ngumi zilizotafsiriwa. Nikisema tuangalie ya mapenzi anasema hizo ni za wanawake. Juzi nilimwambia, "Ona mwenzio anavyomtazama mkewe," akanijibu, "Huyo analipwa." Tukanuniana siku mbili. Sasa anasema tamthilia zimeniharibu, na simu ninayosoma usiku anadhani nachati na mwanamume. Kinachonishangaza ni kwamba siku moja alisimama mlangoni na mswaki mdomoni mpaka episodi ikaisha. Kesho yake akiwa Mafinga akanipigia, tukaongea habari za ada, halafu akauliza, "Hivi yule Mustafa, baba yake alimfanyaje?"*

*Zamani hakuwa hivi. Alipokuja kuposa, baba alimrudisha mara mbili, na bado akaja mara ya tatu. Nitajie vitabu na filamu za mapenzi ambazo tukiangalia pamoja atabadilika.*

*Mama Salma, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma malalamiko yako, mara ya pili nikasoma habari ya ule mswaki, na naona hujaipa uzito wake.

Mwanamume asiyependa tamthilia hasimami mlangoni mpaka mwisho huku povu la dawa ya meno linamshuka kidevuni. Wala hafiki Mafinga na lori lake akakumbuka kumuuliza mkewe habari za mtoto wa Sultan. Kwa hiyo hilo la "za wanawake" liweke pembeni. Mumeo anapenda hadithi. Asichopenda ni kukaa kwenye kochi akijua kwamba kila Sultan akimshika mkewe Hürrem mkono, wewe utageuka kumtazama yeye. Ungekuwa wewe ungekaa? Tuseme yeye awe anaangalia shindano la mapishi, kila sahani ikitolewa anakugeukia na kusema, "Ona mwenzio." Ungezima hata umeme wa nyumba nzima.

Halafu nikwambie ukweli, hata kama utauma: aliposema "huyo analipwa", alikushinda kwa hoja. Halit Ergenç, yule aliyeigiza Sultan Suleiman, alilipwa. Alikuwa na mtu wa taa, mtu wa mavazi, na muziki unaoingia pale pale anapokohoa. Na yale maneno matamu yanayokutoa machozi, unajua nani aliyaandika? Mwanamke mwenzio. Meral Okay ndiye aliyeiandika tamthilia ile iliyoanza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011, akaiandika mpaka alipofariki Aprili 2012, wenzake wakaiendeleza. Kwa hiyo unapotamani mume aseme kama Suleiman, unatamani mume aseme kama mwanamke alivyotamani kuambiwa. Hakuna ubaya. Mimi pia natamani. Lakini baba Salma hajapewa karatasi ya kukariri.

Haya, na Sultan mwenyewe wa kweli je? Ni kweli alimpenda Hürrem, alimwandikia mashairi kwa jina lake la kishairi la Muhibbi, na mashairi hayo yapo mpaka leo. Ila ndiye huyo huyo aliyeamuru mwanawe Mustafa anyongwe mwaka 1553. Mwenye nyumba iliyojaa wanawake, aliyemuua mwanawe wa kumzaa, ndiye unayempigia mfano mume aliyekupigia simu kuulizia ada! Mwanangu, chagua mfano mwingine.

Sasa nigawe maneno yangu sehemu mbili, maana umeomba kitu kimoja lakini una mahitaji mawili.

La kwanza ni hadithi za peke yako. Hizi usizione aibu wala usimwombe mtu ruhusa. Unguja enzi za mama zetu sinema zilikuwa na maonyesho ya wanawake watupu. Mama aliyefua na kupika wiki nzima anajifunga buibui, anakutana na mashoga zake, wanakaa gizani wanaililia filamu ya Kihindi ambayo lugha yake wengi hawaijui, kisha wanarudi nyumbani wamepoa. Waume walibaki nje na hakuna ndoa iliyovunjika kwa hilo. Siku ishirini za mwezi ambazo mumeo hayupo ni onyesho lako la wanawake. Mtazame Sultan wako, lia, rudisha nyuma utazame tena. Lakini akirudi, Sultan abaki kwenye flashi.

Simulizi za kwenye simu ni jambo jingine kidogo. Shuka limefunikwa mpaka kichwani, mwanga wa simu unamulika uso, na msomaji anatabasamu peke yake saa sita usiku. Kusema kweli hata mimi ningeshuku. Dawa yake si kuapa, wala kumpa simu aikague kama polisi wa barabarani, hao anakutana nao vya kutosha. Msomee. Usiku mmoja mwambie, "Sikiliza hapa huyu dada alivyojibiwa," umsomee aya mbili, uache pale pale patamu. Zile simulizi zimeumbwa kwa kukatwa na neno "itaendelea", na hilo neno linamshika mwanamume kama linavyokushika wewe.

Na hapo ndipo nakuletea kitabu. Tafuta *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999. Waliosoma kidato cha tano na sita wamekutana nacho darasani na wengi wamekichukia kwa sababu ya mtihani, jambo linaloniudhi sana, kwa sababu nje ya mtihani ni riwaya tamu. Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume mzee, anatoroka, anapokewa na Mwajuma mtaani Ng'ambo, hapo hapo mjini Unguja, na katikati ya ngoma na taarabu anakutana na Denge, kijana ambaye usiku hana muda wa mapenzi kwa sababu anawapinga wakoloni. Kuna mapenzi, kuna polisi, kuna kukimbizana. Mtu wa filamu za ngumi hatasinzia.

Mumeo hatakaa akasome, najua. Lakini wewe una simu na una sauti. Msomee sura moja, ujirekodi, umtumie kwa WhatsApp. Pale Tunduma malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia, dereva anaweza kukaa muda mrefu akitazama mgongo wa lori la mbele. Azime injini akusikilize. (Akiwa anaendesha hapana, nakuonya, ile milima ya Kitonga haitaki mtu anayemuwaza Yasmin.) Usijali ukikosea neno au Salma akilia nyuma. Hiyo ndiyo raha yenyewe, anasikia na nyumba yake. Mkimaliza kitabu, siku akiwepo mtafute filamu yake. Amil Shivji aliitengeneza, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Mtabishana, maana kila mtu atakuwa na Denge wake kichwani. Bishaneni. Ni afadhali kununiana kwa ajili ya Denge kuliko kwa ajili ya rimoti.

Pili ni za kuangalia pamoja, na hapa nakupa moja tu kwa kuanzia, nimeichagua kwa sababu ya sentensi moja ya barua yako: baba alimrudisha mara mbili, akaja mara ya tatu. Iangalieni *Dilwale Dulhania Le Jayenge* ya mwaka 1995, Shah Rukh Khan na Kajol. Usiniambie ni ya zamani. Huko Mumbai kuna ukumbi, Maratha Mandir, ulioendelea kuionyesha mpaka ikatimiza wiki elfu moja Desemba 2014, na haikuishia hapo.

Raj na Simran wanaishi London, wanakutana safarini Ulaya, wanapendana, baba mtu anagundua na kumrudisha binti Punjab akaolewe na mwingine. Raj anamfuata. Mama wa Simran anamletea vito vyake na kumwambia, mchukue binti yangu mkimbie. Raj anakataa. Anamtaka kwa mkono wa baba au hamtaki kabisa. Sasa wewe mwangalie mumeo hapo, ila kwa jicho la pembeni. Huyu ni mtu aliyevaa shati lake safi, akapanda basi na washenga wake, akaambiwa rudi, akarudi, akaambiwa tena rudi. Anajua Raj anasikia nini kuliko unavyojua wewe, kwa sababu wewe ulikuwa chumbani ukisikiliza kupitia mlango. Mwishoni treni inaanza kuondoka, Raj yuko mlangoni damu imemjaa usoni, na baba amemshika binti mkono kwa nguvu, hamwachii. Halafu anamwachia. Amrish Puri, mwenye ile sauti ya radi na macho yale, anafungua tu vidole. Nimewaona wanaume wazima wakiamka ghafla pale kwenda kunywa maji.

Ina zaidi ya saa tatu, kwa hiyo igawe siku mbili, mkiikata kwenye mapumziko. Ngumi zipo, mumeo asiogope. Ila isiwe ile yenye DJ anayesimulia juu yake. Namheshimu sana Lufufu, aliyekuwa akitutafsiria filamu kwa Kiswahili, na wote waliomfuata, wametufunza filamu watu wa vibandani, lakini DJ anazifunika nyimbo, na kwenye hii nyimbo ndiyo hadithi. Pale mwanzo, Simran anapocheza kwenye mvua akiota mwanamume ambaye hajamwona, sauti ile ya msichana ni ya Lata Mangeshkar, aliyezaliwa mwaka 1929. Piga hesabu. Kila nikiisikia najiona bado.

Zipo za kuepuka kwa sasa. Bongo movie za kufumaniana na za mawifi ziache kwanza, si kwa ubaya, nyingine nazipenda, lakini mume akiwa mhalifu kwenye luninga na mke amenuna kwenye kochi, kesi inahamia sebuleni. Na usianze na tamthilia ya episodi mia, utamkosa tangu wiki ya kwanza atakapopata mzigo.

Wakati mnaangalia, mwanangu, funga mdomo. Usiseme "umeona?" Usimguse kiwiko. Filamu ya kumbadilisha mume mimi sina, na ningekuwa nayo nisingekuwa nakaa nyumba ya kupanga. Baada ya filamu muulize kitu ambacho jibu lake analo yeye peke yake: siku ile baba alipokurudisha mara ya pili, njiani mlikuwa mnaongea nini na mshenga? Kisha nyamaza umwache aongee. Nadhani hujawahi kumuuliza.

Akisinzia umwache asinzie. Marehemu wangu hakuwahi kufika nusu ya filamu yoyote, dakika ya ishirini unasikia mkoromo. Mwanzoni nilikuwa namtikisa kwa hasira. Baadaye nikaacha, nikawa namsimulia asubuhi akinywa chai, na alikuwa anauliza maswali mengi kweli, mpaka chai inapoa. Kuna filamu nimeongezea mwisho wangu mwenyewe. Hakujua.

Akirudi safari hii usimpe risala yoyote kuhusu mapenzi wala usimwonyeshe barua hii. Pika, mlaze mtoto, iache rimoti mezani. Na akiuliza tena habari za Mustafa huku kasimama mlangoni, mwambie aje akae.