Maswali ya Wasomaji: Ndege Mmoja, Vitabu Viwili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu katika Kaunti ya Taita-Taveta. Kitabu kimoja cha ndege katika maktaba yetu kinamtaja apalisi wa Taita, ndege mdogo wa misitu ya vilima vyetu, kuwa spishi kamili, na kingine, cha zamani zaidi, kinamhesabu kuwa nususpishi, yaani tawi tu ndani ya spishi, ya apalisi anayepatikana hadi Afrika Kusini. Wanafunzi wananiuliza kipi ni sahihi, na kama jambo hilo lina uzito wowote kwa ndege mwenyewe.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo wataalamu wa ndege wamebishana juu yake kwa miongo mingi. Ndege huyu alielezwa kisayansi mwaka 1938 na mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, akapewa jina fuscigularis, maana yake mwenye koo la rangi ya giza, kwa kuwa hiyo ndiyo alama inayomtofautisha na jamaa zake. Kwa muda mrefu kipimo kikuu cha spishi kilikuwa uwezo wa kuzaliana: makundi mawili yanayokutana porini na kuzaa pamoja bila kizuizi ni spishi moja. Kipimo hicho hakitusaidii Taita, kwa sababu misitu ya vilele hivyo imezungukwa na nyika kavu ambayo ndege mdogo wa kichakani hawezi kuivuka, na kwa hiyo hakuna awezaye kuona kama angezaliana na wenzake wa mbali au la.

Tangu mwaka 2014 shirika la BirdLife International, ambalo hutathmini ndege kwa niaba ya Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya dunia inayopima hatari ya viumbe kutoweka, limekuwa likitumia mfumo wa alama. Tofauti za manyoya, za ukubwa wa mwili, za sauti na za tabia hupewa alama kuanzia 1 hadi 4 kulingana na ukubwa wake, na kundi likifikisha jumla ya alama 7 huhesabiwa kuwa spishi. Orodha hiyo humtambua apalisi wa Taita kama spishi, nami naona ni sawa, kwani kumtenga ndege kimakosa ni kosa linaloweza kurekebishwa baadaye, ilhali ndege aliyetoweka harudi.

Uzito wa jambo lenyewe unaanzia hapo. Tathmini ya ndege katika Orodha Nyekundu hufanywa spishi kwa spishi. Apalisi wa Taita akiunganishwa na jamaa yake aliyeenea, hali yake humezwa na wingi wa wale wengine ambao hawana shida yoyote. Akihesabiwa peke yake, anaonekana alivyo: ndege anayeishi katika vipande vichache vya msitu wa asili vilivyobaki vilimani, tena vilivyotengana kwa mashamba na kwa miti ya kigeni kama misonobari na mikaratusi. Ndiyo maana amewekwa katika ngazi ya juu kabisa ya hatari kwa viumbe ambao bado wapo porini.

Kasuku wa kijivu alipita njia kama hiyo. Hadi mwaka 2012 BirdLife ilimhesabu kuwa spishi moja, kisha ikamtenga kasuku wa Timneh, anayeishi kuanzia Guinea-Bissau hadi magharibi ya Côte d'Ivoire, na yule anayeenea kuelekea mashariki hadi Kongo na nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 2016 wote wawili walitangazwa kuwa hatarini kutoweka, na mwaka huohuo mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini.

SWALI: Sisi tunaoishi karibu na Serengeti tunaona tumbusi kwa makumi kila penye mzoga. Inawezekanaje ndege wengi hivyo wawe hatarini?

JIBU: Apalisi wa Taita anapimwa kwa udogo wa eneo lake, lakini tumbusi anapimwa kwa kasi ya kupungua. Spishi inayokadiriwa kupungua kwa asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu huingia ngazi hiyohiyo ya juu kabisa ya hatari, hata kama bado wapo maelfu. Mwaka 2015 spishi 4 za tumbusi wa Afrika ziliingizwa humo kwa pamoja, akiwemo tumbusi mgongo-mweupe ambaye bila shaka ndiye mnayemwona zaidi. Sababu kubwa ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia dawa ya wadudu katika mzoga ili amuue simba, na majangili huutia sumu mzoga wa tembo ili tumbusi wanaozunguka angani wasiwafichue kwa askari wa wanyamapori. Nchini Botswana, mwezi Juni 2019, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa msimu, hasara kama hiyo huchukua miaka mingi kufidiwa, na makumi mnayoyaona penye mzoga mmoja yanaweza kuwa ndege wote waliokusanyika kutoka mbali sana. Mkikuta tumbusi wamekufa karibu na mzoga, msiwaguse wala msiruhusu mbwa kusogea, bali mtoe taarifa siku hiyohiyo kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, ili mzoga uteketezwe kabla kundi jingine halijaushukia.