Kitunguu saumu cha duara kisicho na punje: tatizo ni baridi, si mbolea

Ndugu yetu wa Moshi mjini anasema saumu zake zilistawi vizuri, majani ya kijani kibichi, lakini alipong'oa akakuta kila shina lina kitunguu kimoja cha duara kisichogawanyika punje. Wengi wamemshauri aongeze mbolea. Mimi nimelima saumu nyuma ya nyumba hapa Lushoto kwa miaka mingi, na namwomba huo mfuko wa mbolea auweke pembeni kwanza. Kilichokosekana ni baridi.

Kitunguu saumu kisipopata wiki kadhaa za baridi hunenepa tu bila kugawanyika. Ndiyo maana kinawakubali watu wa Mbulu na sisi wa Usambara, na kinawasumbua watu wa Dar es Salaam. Lushoto tupo kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini ni chini sana ya hapo. Mimi napanda Mei, masika yakielekea ukingoni, ili mmea ukiwa bado mchanga ukutane na baridi ya Juni na Julai, na mavuno yaangukie Septemba kabla vuli haijaanza. Wewe wa Moshi tumia friji: vichwa vya mbegu viweke kwenye mfuko wa karatasi, sehemu ya kawaida, si ya kugandisha barafu, wiki sita hadi nane. Ukivitoa, panda mara moja.

Mbegu usichukue zile saumu kubwa nyeupe zinazotoka nje. Nyingine zimeshughulikiwa ili zisichipue, na hata zikichipua, zilizoea nchi ambazo siku za kiangazi ni ndefu kuliko zetu. Tafuta za kienyeji, zile ndogo zenye harufu kali. Bandua punje siku ileile ya kupanda, ganda lake lisichubuke. Punje nene ndizo za shambani, nyembamba peleka jikoni. Ncha itazame juu, kina sentimita 3 hadi 5, nafasi 10 hadi 15, kwenye tuta lililoinuliwa lenye samadi iliyooza vizuri. Maji yakituama, saumu inaoza.

Palizi fanya kwa mkono, mizizi yake iko juujuu. Mbolea ya kukuzia weka mapema, kisha acha. Ukiendelea kuiweka wakati kitunguu kinajaa, utavuna majani.

Kuvuna ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Watu husubiri majani yote yakauke. Kila jani la saumu, sehemu yake ya chini ndiyo ganda linalofunika kichwa. Majani yakifa yote, maganda yameoza udongoni na punje zinaachana. Mimi majani ya chini yakikauka, na manne au matano ya juu yakiwa bado mabichi, nang'oa kichwa kimoja na kukikata katikati kwa upande. Punje zikiwa zimejaa hadi kubana ganda, na katikati shina limeanza kunywea, natoa vyote. Ganda likiwa bado nene na lina majimaji, nangoja. Maji nakuwa nimeshayakata wiki mbili kabla.

Usivute kwa nguvu, chokonoa chini kwa uma wa bustani. Usioshe. Kung'uta udongo taratibu, funga mafungu pamoja na majani yake, tundika barazani penye upepo, jua lisipige, wiki mbili hadi tatu. Shingo ikikauka kabisa ndipo ukate. Na za kula usiweke friji, zitachipua.

Zile duara ulizovuna usizitupe. Zinalika kama kawaida, na zilizo nono ni mbegu nzuri: zipitishe kwenye friji, panda nzimanzima msimu ujao, nazo zikipata baridi yake zitagawanyika.